Pikipiki ya Kale kama Matini: Namna ya Kutambua Aina na Vipande vya Mchanganyiko katika BSA M20

0. Utangulizi

Mwanaisimu wa historia na fundi wa pikipiki za kale hawakutani mara nyingi, lakini kazi zao zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa. Wa kwanza huletewa hati iliyonakiliwa mara nyingi, yenye maneno ya karne mbili na mikono mitatu. Wa pili huletewa chombo kilichopita mikononi mwa watu wengi, chenye injini ya mwaka huu na fremu ya mwaka ule. Wote wawili huulizwa maswali yale yale. Kitu hiki ni nini? Kilitengenezwa wapi na lini? Ni sehemu zipi zilizotoka kwa mtengenezaji wa kwanza, na zipi zilitiwa baadaye? Aliyezitia alikuwa na haja gani?

Katika makala haya tutaeleza jinsi pikipiki ya kale inavyotambuliwa, hasa ile ambayo vipande vyake vimechanganyika. Tumechagua mfano mmoja, nao ni pikipiki ya Kiingereza iitwayo BSA M20. Sababu za kuichagua ni mbili. Kwanza, ni mojawapo ya pikipiki zilizotengenezwa kwa wingi mno wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kwa hiyo ni miongoni mwa zile zinazochanganywa zaidi. Pili, kuna vipande vyake ambavyo haviwezi kuelezwa vizuri bila kuitaja historia ya Kongo. Jambo hilo litaonekana katika sehemu ya tatu.

Lengo letu si kuwafundisha wasomaji ufundi. Tunataka kuonyesha kwamba neno «mchanganyiko», ambalo sisi watu wa Kiswahili cha Kongo tumelisikia sana likitumiwa kama lawama, lina maana nyingi, na kwamba kabla ya kulaumu mchanganyiko inafaa kuuliza ni mchanganyiko wa namna gani.

1. Chombo chenyewe

Kampuni ya Birmingham Small Arms, yaani BSA, iliundwa mwaka wa 1861 mjini Birmingham na mafundi wa bunduki. Baadaye iliingia katika baiskeli, na mwaka wa 1910 ilitengeneza pikipiki ya kwanza iliyokuwa yake yenyewe. Katika miaka ya 1930 mhandisi Val Page alichora upya jamii nzima ya pikipiki nzito za kampuni hiyo, zilizopewa herufi M. Pikipiki ya M20 ilitoka mwaka wa 1937. Injini yake ina silinda moja ya sentimita za ujazo 496, na vali zake zimesimama kando ya silinda badala ya kukaa juu yake. Kipenyo cha silinda ni milimita 82, na mwendo wa pistoni ni milimita 94. Nguvu yake ni farasi 13 tu. Fremu yake ya kwanza haina springi kwa nyuma, na uma wa mbele ni wa vyuma vilivyoungwa pamoja na kubebwa na springi moja kubwa chini ya usukani.

Si chombo cha mwendo wa kasi, wala hakikusudiwa kuwa hivyo. Jeshi la Uingereza lilikipenda kwa sababu kilivumilia barabara mbovu na dereva asiye na uzoefu, na kiliweza kutengenezwa na fundi mwenye spana chache. Katika miaka ya vita zilitengenezwa takriban 126,000. Baada ya vita M20 iliendelea kuuzwa kwa raia hadi mwaka wa 1955. Ndugu yake M21, yenye silinda ya kipenyo kile kile lakini mwendo wa pistoni wa milimita 112, na hivyo ujazo wa sentimita 591, iliendelea hadi mwaka wa 1963.

Amani iliporudi, jeshi liliuza kwa raia maelfu ya pikipiki ambazo halikuzihitaji tena, pamoja na masanduku kwa masanduku ya vipuri. Pikipiki hizo zilitumikia shamba na soko, zikabeba barua, maziwa na familia. Kila iliyoharibika ilitengenezwa kwa kipande kilichopatikana karibu. Hapo ndipo mchanganyiko wa kiraia ulipozidi. Tutaona, hata hivyo, kwamba ulikuwa umeanza zamani zaidi.

2. Njia za kutambua

2.1. Namba

Jambo la kwanza ambalo mtu hutazama ni namba mbili: moja iliyogongwa kwenye kasha la injini, na nyingine iliyogongwa kwenye fremu. Katika pikipiki za BSA namba hizo hutanguliwa na herufi zinazotaja aina na kipindi. Kwa M20 za vita tunakuta WM20, na herufi W yahusu vita. Katika zile za kiraia za baada ya vita tunakuta herufi X, kisha Y, kisha Z.

Wengi hufikiri kwamba namba ya injini na namba ya fremu zikitofautiana, basi pikipiki imechanganywa. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa viwanda vingine, mathalani Norton au Triumph ya baada ya vita, ambavyo kwa kawaida viligonga namba moja mahali pote pawili. Kwa BSA ya kipindi hiki si kweli. Injini zilikuwa na mfuatano wao na fremu zilikuwa na mfuatano wao, kwa hiyo pikipiki ilitoka kiwandani ikiwa na namba mbili zisizofanana. Mnunuzi anayeikataa M20 kwa sababu namba hazilingani anaihukumu kwa sarufi ya lugha nyingine. Na muuzaji anayejivunia M20 yenye namba mbili zinazolingana barabara anastahili kuulizwa ni nani aliyezigonga.

Ili kujua kama injini na fremu zilikutana tangu mwanzo, yabidi kutafuta daftari za kiwanda. Kwa bahati njema sehemu kubwa ya daftari za BSA imehifadhiwa. Chama cha wapenzi wa pikipiki za kale cha Uingereza, Vintage Motor Cycle Club, kilichoanzishwa mwaka wa 1946, kinazo katika maktaba yake. Daftari huonyesha namba, tarehe ya kutoka kiwandani, na mahali pikipiki ilikopelekwa. Hapo fundi anafanya kazi ya mtunza nyaraka hasa.

2.2. Umbo na kipimo

Namba inaweza kugongwa upya, lakini umbo ni gumu kudanganya. Fremu isiyo na springi nyuma ni ya mwanzo. Fremu yenye springi mbili zilizosimama kando ya ekseli ya nyuma haikuwapo katika jamii hii kabla ya mwaka wa 1951. Uma wa mbele wa mabomba yanayoingiana ulianza kutumika katika M20 mwishoni mwa miaka ya 1940. Basi mtu akituonyesha M20 yenye springi za nyuma na kusema kwamba ilipigana vita jangwani mwaka wa 1942, fremu yenyewe inamkanusha.

Kwa injini, macho hayatoshi. M20 na M21 zina silinda zenye kipenyo kimoja, na kwa nje zinafanana sana. Atakayetaka kujua ukweli apime mwendo wa pistoni: milimita 94 au milimita 112. Kasha linaweza kusema M20 na matumbo yakawa ya M21, kama vile kitabu kinavyoweza kuwa na jalada la toleo moja na kurasa za toleo jingine.

2.3. Tarehe ndogo na namba za vipuri

Vyombo vingi vya umeme vya pikipiki za Kiingereza vilitengenezwa na kampuni ya Lucas, iliyokuwa na desturi ya kugonga mwezi na mwaka kwenye dainamo, magneto, taa na swichi zake. Desturi hiyo ni hazina kwa mtafiti. Taa yenye tarehe ya miezi michache kabla ya pikipiki kutoka kiwandani inaweza kuwa ya asili. Taa yenye tarehe ya miaka kumi baadaye si ya asili, hata kama umbo lake ni sahihi. Lakini kinyume chake hakithibitishi kitu moja kwa moja. Taa ya mwaka wa 1943 iliyo kwenye pikipiki ya mwaka wa 1943 inaweza kuwa imetoka katika pikipiki nyingine ya mwaka ule ule. Tarehe ina nguvu ya kukanusha kuliko kuthibitisha.

Vivyo hivyo namba za vipuri. BSA iliwapa vipuri vya jamii ya M namba zinazoanza na 66, vya jamii ya B 65, na vya pikipiki za silinda mbili za aina ya A 67. Namba hizo hutaja jamii ambayo kipande kilichorwa kwa ajili yake, si lazima pikipiki kilipofungwa. Kiwanda kilitumia kipande kimoja katika aina kadhaa kila kilipoona faida. Kwa hiyo 65 iliyo katika pikipiki ya M si kosa mpaka orodha ya vipuri ya mwaka husika iseme hivyo.

2.4. Nati, bolti na rangi

Viwanda vya pikipiki vya Uingereza vilitumia parafujo zenye meno membamba, mengi yao 26 kwa kila inchi. Bara la Ulaya, pamoja na makoloni ya Ubelgiji na Ufaransa, yalitumia milimita. Bolti ya milimita ndani ya M20 ni kama neno la mkopo: inatuambia kwamba chombo kilipata kuishi au kutengenezwa mahali ambapo parafujo za inchi zilikuwa adimu. Fundi aliyeitia hakuwa mjinga. Alilazimika kuchimba tundu upya na kulitia meno mapya, kazi ambayo asiyejua hawezi kuifanya.

Rangi nayo ina tabaka. Chini ya nyeusi ya raia mara nyingi hufichika kahawia au kijani cha jeshi, na juu ya tangi huenda ikaonekana herufi C ikifuatwa na tarakimu. Hiyo ni namba ya kijeshi ya pikipiki, na inaweza kusaidia kufuatilia mkataba ambao chombo kilinunuliwa kwao. Anayesugua tangi mpaka chuma kitupu bila kupiga picha kwanza anafuta ukurasa ambao hautaandikwa tena.

3. Vipande vinavyosema habari za Kongo

Kuna sehemu mbili katika M20 ambazo mara nyingi hudhaniwa kuwa ni kazi ya fundi maskini wa baadaye. Vishikio vya usukani, ambavyo kwa kawaida ni vya mpira, katika baadhi ya M20 vimefunikwa kwa turubai. Na vyuma vya kuwekea miguu havina mpira wowote: ni chuma kitupu. Mnunuzi asiyejua hufikiri kwamba mpira ulichakaa, na hukimbilia kununua mpya. Kumbe katika pikipiki za miaka ya mwisho ya vita turubai na chuma kitupu ndivyo asili.

Sababu yake iko mbali na Birmingham. Mwishoni mwa 1941 na mwanzoni mwa 1942 Japani iliteka Malaya na visiwa vilivyokuwa koloni la Uholanzi, ambako ulitoka mpira mwingi wa dunia. Ghafla mataifa yaliyoungana dhidi ya Ujerumani na Japani yalikosa mpira. Kila gramu iliwekwa kwa ajili ya matairi na mahitaji yasiyoweza kuepukwa. Vishikio na vyuma vya miguu havikuwa miongoni mwa mahitaji hayo.

Upungufu ule ule ulifika vijijini kwetu. Mwaka wa 1942 serikali ya Kongo ya Wabelgiji iliongeza siku za kazi za lazima kwa wanakijiji hadi 120 kwa mwaka, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuingia msituni kutafuta mpira wa porini. Kwa wazee waliokuwa wakikumbuka, au waliosimuliwa na wazazi wao, utawala wa Leopold II kabla ya mwaka wa 1908, agizo hilo lilifufua jina la balaa lililodhaniwa kuwa limezikwa. Shaba nayo ilitakiwa. Madini ya Katanga yaliuzwa kwa ajili ya vita, na mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliogoma kudai mishahara walipigwa risasi uwanjani Elisabethville, mji wa Lubumbashi wa leo.

Hatusemi kwamba waya wa shaba wa dainamo fulani ulitoka katika mgodi fulani. Ushahidi wa namna hiyo haupatikani kwa kutazama chombo. Tunasema kwamba turubai iliyo kwenye vishikio na agizo la siku 120 ni matokeo mawili ya sababu moja. Anayeng'oa turubai ile ili atie mpira mpya, akidhani anairudisha pikipiki katika asili yake, anaondoa kwa mkono wake mwenyewe alama mojawapo chache inayokiunganisha chombo hicho na mateso ya watu ambao hawakukipanda kamwe.

4. Namna nne za mchanganyiko

Baada ya kuona njia za kutambua, sasa tunaweza kupanga mchanganyiko katika mafungu manne. Mpangilio huu ni wetu, na lengo lake ni kusaidia hoja.

4.1. Mchanganyiko wa kiwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1940 BSA yenyewe ilichukua fremu ya M20 na kuitia injini ya B33, yenye vali za juu na ujazo wa sentimita 499, ikaiita M33. Ilikusudiwa hasa wale waliotaka kuvuta kiti cha pembeni kwa nguvu zaidi. Asiyeijua M33 ataiona kama kazi ya mtu aliyekosa injini yake. Kumbe ni aina kamili, yenye jina na nafasi katika orodha ya kampuni.

4.2. Mchanganyiko wa haja. Karakana za jeshi hazikuwa na nafasi ya kumrudishia kila askari injini yake. Pikipiki zilizoharibika zilivunjwa, vipande vikasafishwa na kupangwa, kisha zikaungwa nyingine kutokana na vilivyo vizima. Kwa hiyo M20 nyingi zilikwisha kuchanganyika zikiwa bado na nguo za jeshi, kabla raia hajazigusa. Daftari la kiwanda haliwezi kutueleza jambo hilo, kwa maana chombo kilikuwa kimetoka mlangoni pake. Waliofanya vivyo hivyo baadaye shambani na gerejini walifuata njia iliyokuwa imeshatengenezwa.

4.3. Mchanganyiko wa hiari. Huu ulizaa vyombo vyenye sifa. Mwaka wa 1950 Norton ilianza kutumia fremu mpya iliyobuniwa na ndugu wawili McCandless wa Ireland ya Kaskazini, fremu iliyosifiwa kwa kushika barabara. Kwa upande mwingine Triumph ilikuwa na injini ya silinda mbili, iliyotokana na kazi ya Edward Turner ya mwaka wa 1937. Wakati huo waendeshaji wa magari madogo ya mashindano ya sentimita 500 walitaka injini ya Norton Manx, lakini kampuni haikuiuza peke yake. Walinunua pikipiki nzima, wakatoa injini, wakauza mabaki. Fremu nzuri zisizo na injini zikapatikana, na vijana wakazitia injini za Triumph. Chombo kilichozaliwa kiliitwa Triton, jina lililochanganywa kama chenyewe. Hakuna kiwanda kilichokibuni, na hata hivyo leo kinatambulika na kuthaminiwa kwa jina lake.

4.4. Mchanganyiko wa hila. Ujerumani ilitengeneza BMW R71 kati ya 1938 na 1941, na idadi yake haikufika 4,000. Umoja wa Kisovyeti uliiga chombo hicho na kukiita M-72, ukaanza kukitengeneza mwaka wa 1941. Majeshi ya Ujerumani yalipoukaribia mji wa Moscow, kazi ilihamishiwa Irbit katika milima ya Ural. Baadaye M-72 zilitengenezwa pia Kiev. China nayo, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, ilitoa CJ750 kutokana na chombo hicho cha Kisovyeti. Tunalo hapa shina moja na matawi matatu, sawasawa na ukoo wa hati: asilia, nakala, na nakala ya nakala. Hakuna ubaya katika kuwa nakala. Ubaya huanza pale ambapo mfanyabiashara anasaga herufi za Kirusi zilizo kwenye kasha, anabandika nembo ya BMW tangini, na kuuza M-72 kwa bei ya R71. Hapo si vipande tu vilivyochanganywa. Ushahidi wenyewe umeharibiwa.

Tofauti kati ya mafungu haya haiko katika wingi wa vipande vigeni. Iko katika uhusiano wa mchanganyaji na ukweli. Fundi wa haja hafichi, wala kijana wa Triton hafichi. Anayegonga namba upya anaficha, na katika nchi nyingi sheria inamhesabu kuwa mkosaji.

5. Mfano wa uchunguzi

Tutunge mfano ili hatua zionekane. Pikipiki inaletwa kwa jina la «BSA ya vita». Kasha la injini lina herufi WM20. Fremu ina springi za nyuma, uma wa mbele ni wa mabomba, dainamo ina tarehe ya 1943, taa ina tarehe ya 1954, na vyuma vya miguu ni vitupu bila mpira.

Hatua ya kwanza ni fremu, kwa kuwa vyote vingine hufungwa juu yake. Fremu haiwezi kutangulia mwaka wa 1951, basi chombo hiki kama kilivyo hakikuwapo vitani. Hatua ya pili ni kuuliza vipi vinalingana na fremu. Uma wa mbele unalingana, na taa ya 1954 yaweza kulingana. Hivi vitatu vyaweza kuwa vya pikipiki moja ya kiraia ya katikati ya miaka ya 1950. Hatua ya tatu ni kuuliza vipi vinalingana na injini. Dainamo ya 1943 yaweza kuwa iliingia pamoja nayo, na vyuma vya miguu vyaweza kuwa vya kundi hilo hilo. Tuna, basi, matabaka mawili: chombo cha kiraia kilichopoteza injini yake, na mabaki ya chombo cha kijeshi yaliyokiokoa.

Jina sahihi litakuwa: «BSA ya jamii ya M, fremu ya miaka ya 1950, yenye injini na baadhi ya vipande vya M20 ya vita.» Ni refu, na halimpendezi muuzaji. Lakini kila neno lake linaweza kutetewa. Lini injini ilifungwa, na nani aliifunga, ni maswali ambayo chuma hakijibu. Yanajibiwa na hati za usajili, picha za zamani, na zaidi ya yote masimulizi ya familia iliyokitumia. Hapo fundi anahitaji ustadi wa kusikiliza, ambao wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wanaujua.

6. Kutoka chuma hadi neno

Msomaji atakuwa amekwisha kuona tunakoelekea. Kiswahili chenyewe ni chombo chenye vipande vya tarehe mbalimbali, kilichofungwa juu ya fremu ya Kibantu. Meza na bendera zina muhuri wa Wareno, shule ina wa Wajerumani, gari ina wa Wahindi, na maneno ya Kiarabu hayahesabiki. Neno pikipiki lenyewe halikukopwa popote: ni mwigo wa mlio wa injini, wakati majirani wengi Lubumbashi husema moto tu, kwa kufuata Kifaransa. Mofolojia ndiyo fremu. Ndiyo maana, kama katika uchunguzi wa M20, aina ya lugha huamuliwa kwanza kwa mofolojia wala si kwa hesabu ya maneno ya mkopo.

Kiswahili cha Katanga kimepitia karakana zake. Kilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19, wakati wa Msiri. Kisha kambi za migodi zikakiunga upya kwa vipande vya Kiluba, Kibemba na Kifaransa. Huo ni mchanganyiko wa haja: watu wa makabila mengi waliokutanishwa na kazi walihitaji kuelewana siku hiyo hiyo. Kwa muda mrefu ulihukumiwa kana kwamba ni wa hila, yaani Kiswahili kibovu kinachojifanya kizuri.

Mwaka wa 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya mji wa Elisabethville katika Kiswahili hicho. Maneno yake hayakukatwa kwa desturi za shule, na tahajia yake inabadilika ukurasa hadi ukurasa. Mhariri mwenye haraka angeisugua yote na kuipaka rangi ya Kiswahili sanifu. Johannes Fabian, alipoichapisha mwaka wa 1990 pamoja na Kalundi Mango, alifanya jambo la busara zaidi. Alitoa matini kama yalivyokuwa, kisha usomaji wake kwa sauti, kisha tafsiri. Kila tabaka lilibaki mahali pake, na msomaji anajua anasoma mkono wa nani. Hiyo ndiyo kanuni ya mtengenezaji mwaminifu wa pikipiki: abadilishe panapohitajika, lakini aandike alichobadilisha, na kipande cha asili alichokitoa asikitupe.

7. Hitimisho

Tumeonyesha kwamba pikipiki ya kale hutambuliwa kwa ushahidi unaokutana kutoka pande nyingi: namba, umbo, kipimo, tarehe, parafujo, rangi na masimulizi. Hakuna mmoja unaotosha, na kila mmoja una sarufi yake ambayo si lazima iwe ya kiwanda kingine. Tumeonyesha pia kwamba kipande kinachoonekana kigeni kinaweza kuwa cha asili, kama vishikio vya turubai, na kinachoonekana cha asili kinaweza kuwa cha hila, kama namba zinazolingana kupita kiasi.

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Sisi tungeongeza kwamba vingi vimeundwa zaidi ya mara moja, na waliowahi kuviunda wana haki ya kutajwa. Swali linalofaa kuulizwa juu ya M20 iliyochanganyika, na juu ya Kiswahili kilichochanganyika, si kama ni safi. Inafaa tuulize kila kipande kilitoka wapi, kilikuja kwa haja gani, na kama aliyekitia alitaka tujue. Atakayejibu hayo atakuwa ameandika historia. Atakayeng'arisha tu atabaki na chombo kizuri kisichosema kitu.